Namba Kumi na Saba, Simama

Watoto wengine hufundishwa kusoma kwa kitabu. Huyu alifundishwa kwa karatasi moja iliyochanwa, na mwalimu alikuwa mama yake mzazi. Ndiyo maana habari hii inasimuliwa, wenye watoto waisikie mapema, maana majuto yakija hayabishi hodi.

Karatasi yenyewe ilitoka kwenye daftari la ajali la kiwanda cha mbao. Baba wa mtoto alikuwa fundi wa msumeno wa mviringo pale, kazi ya miaka tisa, na asubuhi moja msumeno ukamla mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Chuma cha kinga, kile kinachofunika meno ya msumeno, kilikuwa kimefunguliwa wiki nzima kwa amri ya msimamizi, kwa sababu kinga ikiwepo mbao zinapita polepole, na lori lilikuwa nje linanguruma. Kila mtu kiwandani alilijua hilo. Msimamizi alikuwa mtu mwembamba aliyechomeka kalamu tatu mfukoni, wakamwita Bwana Kalamu. Damu ikiwa bado haijaoshwa sakafuni, alifungua daftari akaandika: Uzembe wa mfanyakazi. Alikuwa amelewa.

Na baba yule tangu azaliwe hakuwa ameonja pombe. Hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza, akauliza wameweka nini ndani.

Mstari ule ulimfuata kama harufu ya samaki. Alikwenda kuomba kazi za mkono mmoja, kufungua geti, kuhesabu magunia, kupokea barua, na kila alipofika habari ilikuwa imemtangulia: ni yule mlevi wa msumeno. Alikana mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akachoka kukana. Aliyeandikwa mlevi akawa mlevi kweli, akaifanya kazi hiyo kwa bidii ileile aliyokuwa nayo kiwandani, na mwaka wa tatu wakamzika.

Mjane wake hakulia sana. Alikwenda kiwandani kuomba kazi ya kufagia ofisi, akajiandikisha kwa jina la kwao ili asijulikane. Alifagia miezi minane, kichwa chini, ndiyo bwana, sawa bwana, mpaka siku alipoachwa peke yake na kabati la madaftari. Shule yake ilikuwa ya msingi tu, lakini kusoma alijua. Alipekua, akaupata ukurasa, akaulowesha pembeni kwa mate ili usilie wakati wa kuchanika. Akaukunja akautia kifuani. Akamalizia kufagia chumba kile mpaka chini ya meza, akatoka, na kesho yake hakurudi.

Ukurasa ukalala kwenye mkebe wa majani ya chai.

Binti alikuwa na miaka saba, na baba yake alikuwa amempa jina la utani, Maswali, kwa vile hakukubali jambo lipite bila kulisimamisha njiani. Kila jioni vyombo vikishaoshwa mama alifungua mkebe. Soma. Mtoto akafuata kwa kidole, u-ze-mbe, wa, mfa-nya-ka-zi, na akikosea anarudi mwanzo. Shuleni wenzake walikuwa bado kwenye irabu, yeye anaandika neno uzembe kwa mwandiko wa Bwana Kalamu, na mkia wa ile herufi ya mwisho ukiwa umepindwa vilevile.

Jumamosi wakienda sokoni walipita njia ndefu. Mbele ya nyumba moja yenye geti la kijani mama alitua kapu chini, ng'ambo ya barabara, wakasimama kama watu wanaopumzika.

"Mtazame," mama alisema Bwana Kalamu alipotokea kumwagilia maua yake. "Mkariri."

"Nimkariri mpaka lini?"

"Mpaka siku atakayokujua wewe."

Shangazi wa mtoto, dada wa marehemu, alikuwa mshona nguo na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Siku moja alikuta somo la mkebe likiendelea, akasimama mlangoni na futi yake shingoni. "Wifi," akasema, "huyo mtoto unamlea au unamnoa?"

Mama akajibu kwamba anafanya yote mawili. Shangazi akacheka, kisha akaacha kucheka. Alisema kisu kikinolewa sana humkata hata anayekipangusa, na kwamba marehemu kaka yake asingependa. Mama akamwambia marehemu hana mkono wa kumzuia. Shangazi akaondoka, na kwa muda mrefu alikuwa akileta nguo za shule za mtoto na kuziacha kwa jirani.

Maswali akasoma. Alisoma mpaka walimu wakamwogopa. Watu walidhani atakuwa wakili, na mama yake alishaona moyoni lile joho jeusi likimwelekea Bwana Kalamu mahakamani. Alipoletewa habari kwamba binti amechagua afya ya jamii, majeraha na ulemavu, mama aliuliza kama ndiyo kazi ya kunyunyiza dawa ya mbu. Binti akamweleza vizuri. Wakili humshika mtu mmoja aliyekwisha kukosa, yeye anataka kujua ni mashine gani inakata, saa ngapi, kwa nini, na ni nani aliyefungua kinga; ukishajua hayo huhitaji kungoja mkono wa pili. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Vizuri," akasema. "Na yule?"

Hilo ndilo likawa neno lake. Binti alipopata shahada ya kwanza, na ya pili, na ile ya mwisho iliyomfanya aitwe daktari bila kushika sindano, mama alimkumbatia mbele za watu, kisha akamsogelea sikioni: na yule? Aliposimama wiki sita nje ya shule moja akihesabu watoto wanaogongwa na magari, akapeleka hesabu hiyo serikalini mpaka barabara ikawekwa matuta, na mwaka uliofuata hakugongwa hata mtoto mmoja, mama alisema matuta mazuri sana. Na yule? Alipobuni fomu fupi ya ukurasa mmoja ambayo hata mhudumu wa zahanati mwenye foleni ndefu angeweza kuijaza, zahanati zote zikaanza kuitumia, na hapo akaitwa profesa. Majirani walikuja kumpongeza, na mama akaanza kuitwa Mama Profesa mtaani. Aliwakaribisha, akawapa viti. Wageni walipoondoka alifungua mkebe akauweka mezani, wazi.

Mara moja tu binti alijaribu. Alisema, "Mama, yule sasa ni mzee." Mama alisukuma sahani yake kando. Siku mbili hakula. Siku ya tatu binti alipiga magoti kando ya kitanda akasema basi, mama, basi, kula, nitakwenda huko kiwandani.

Bwana Kalamu alikuwa amepanda cheo, akawa meneja. Kwenye lango la kiwanda kulikuwa na ubao mkubwa uliopakwa rangi nyeupe, unaobadilishwa namba kila asubuhi: Siku 212 Bila Ajali. Magazeti yalikuwa yameupiga picha. Profesa aliuona, akachekea puani, maana fomu zake za zahanati zilikuwa zinasema mengine kabisa.

Alichunguza miaka miwili, polepole, na siri ya ubao akaipata. Kwa kanuni za kiwanda, ajali ilihesabiwa pale tu mfanyakazi anapokosa kazi siku inayofuata. Basi mtu akikatwa vidole leo, anashonwa zahanati, anarudishwa kwao, na kesho alfajiri gari la kiwanda linapiga honi mlangoni. Anabebwa na bandeji yake, anashikishwa kalamu atie saini ya mahudhurio, anaketishwa stoo kuchambua misumari mikubwa na midogo kwa mkono uliobaki. Hajakosa kazi, kwa hiyo hakuna ajali. Wafanyakazi walikuwa na jina la mahali pale: benchi la wazima.

Wa kwanza kumweleza haya alikuwa fundi wa mashine ya randa, mtu mpole, aliyepoteza vidole vitatu. Hakuthubutu kuonekana chuo kikuu, akaja nyumbani kwa profesa, mchana, kwa mlango wa uani. Mama Profesa alimpa chai. Alimwona anavyokishika kikombe kwa viganja viwili kama bakuli, na moyo wake ukapiga kwa furaha ambayo baadaye aliionea haya. Ushahidi umekuja wenyewe na miguu yake, ndivyo alivyowaza.

Profesa alimsomea fundi karatasi ya ahadi, kama sheria ya utafiti inavyotaka: jina lako halitaandikwa popote, hutajulikana kwa mwajiri wala kwa mtu yeyote, kuanzia leo wewe ni namba. Akampa kumi na saba, namba ya kuokota tu, ili hata mfuatano usimfichue. Fundi hakuridhika. Aligeuka kwa mama, kwa maana mtu mzima hutafuta mtu mzima mwenzake.

"Mama, jina langu kweli halitatoka? Nina mtoto anasoma."

"Ahadi ya mwanangu ni ahadi yangu," mama akasema. "Kunywa chai, baba."

Akanywa. Kisha akawaleta wengine, mmoja mmoja, wote kwa mlango wa uani, mpaka wakafika arobaini na watatu.

Mungu akitaka kukujaribu hukupa unachokiomba. Ubao ulipokaribia siku elfu moja, meneja aliandaa sherehe, na akataka mgeni rasmi msomi atakayewapongeza. Akaulizia ni nani bingwa wa mambo ya ajali. Akamwandikia barua kwa mkono wake, kalamu yake mwenyewe, na mkia wa herufi ya mwisho umepindwa vilevile. Profesa alimwonyesha mama barua. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Walipanga vizuri, kwa akili. Profesa atatoa hotuba, ataonyesha hesabu tupu bila mtu. Mkaguzi wa usalama kazini atakuwa kiti cha mbele, naye atakabidhiwa bahasha yenye lakiri ndani yake taarifa za zahanati tatu, ambazo sheria inamruhusu mkaguzi kuzisoma. Bahasha ile ilitosha kumwangusha Bwana Kalamu. Profesa alilirudia hilo mara tatu: inatosha, mama. Mama akasema sawa. Akavaa nguo yake nzuri, akauchukua ukurasa kwenye mkebe, akauweka kwenye mkoba.

Ukumbi ulikuwa bohari la mbao lililofagiliwa. Wafanyakazi walipangwa kwa safu, ovaroli mpya, mikono mapajani. Meneja alikuwa na mvi sasa, lakini kalamu zilikuwa tatu. Alimkaribisha Profesa wetu, binti yetu, fahari yetu. Mama alikaa safu ya pili, akanyoosha ukurasa mapajani.

Profesa alizungumza kwa sauti ya chini. Alisema amekuja kuhesabu siku pamoja nao. Katika siku hizo elfu, zahanati tatu zilishona mikono arobaini na mitatu iliyotoka katika jengo hili. Alieleza gari la alfajiri. Alieleza benchi la stoo, bila kulitaja jina lake la utani, na bado kicheko kidogo kilipita safu za nyuma kikafa. Mkaguzi aliacha kujipepea akaanza kuandika. Profesa akashuka akampa bahasha, akarudi jukwaani. Mambo yalikuwa yamekwisha. Angeshukuru tu akaketi.

Lakini meneja alisimama, anatabasamu.

"Profesa, karatasi haikatai maneno. Hizo namba zako zina vidole? Nionyeshe mtu mmoja. Mmoja tu."

Wakubwa wa mbele wakacheka. Profesa aligeuka. Alimtazama mama yake, na mama aliyaona macho yale: yalikuwa macho ya mtoto wa miaka saba aliyefika kwenye neno gumu, anangoja aambiwe aendelee au arudi mwanzo.

Mama akatikisa kichwa: endelea.

"Namba kumi na saba," profesa akasema. "Simama."

Fundi randa hakusimama. Alitazama chini. Watu wakaanza kugeuka kutafuta ni nani, na jirani yake, pengine bila kukusudia, akajisogeza kidogo pembeni, na nafasi ile ikamwonyesha. Akainuka, mkono mfukoni.

"Toa mkono."

Akautoa. Ukumbi ukaguna. Profesa akaita namba nne. Akaita thelathini na moja, na tisa, na ishirini na mbili, na nyingine nyingi, sauti inapanda, na wengine walisimama, wengine waliziba masikio kwa mikono ambayo yenyewe ndiyo ilikuwa jibu. Tisa walisimama. Kisha akashuka kwa mama yake, akachukua ukurasa, akausoma mbele ya meneja bila kuuangalia, maana aliujua kabla hajaijua sala. Uzembe wa mfanyakazi. Alikuwa amelewa.

"Unaukumbuka mwandiko wako?"

Bwana Kalamu alikuwa amepoteza rangi. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa mlevi wako."

Wiki haikuisha, kiwanda kikafungwa kwa ukaguzi, meneja akaondolewa kwa mlango wa nyuma, ubao ukashushwa na watu wawili wenye nyundo. Jumamosi mama alikwenda peke yake, bila kapu, akasimama ng'ambo ya geti la kijani mchana mweupe. Alisimama mpaka Bwana Kalamu alipokuja dirishani, akamwona, akavuta pazia. Mama alirudi anatembea kama msichana. Asikudanganye mtu, kisasi ni kitamu. Utamu wake ulikaa siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili kiwanda kilifunguliwa, na meneja mpya, na ubao mpya wenye namba moja. Barua tisa za kuachishwa kazi zikatoka. Wale tisa waliosimama walikuwa wametia saini mahudhurio ya uongo na kutoa siri za kazi. Hakuna aliyeuliza nani aliwashikisha kalamu. Chini ya kila barua kulikuwa na mstari mmoja: Si mwaminifu. Fundi randa alizunguka kwenye karakana zote, na kila alipofika habari ilikuwa imemtangulia.

Profesa aliwapigania, kwa barua, kwa safari, kwa kusimama kwenye varanda za ofisi za watu. Hakusikilizwa, kwa maana kufikia hapo naye alikuwa na kesi yake. Kamati ya maadili ya chuo ilimwita. Walikuwa watu watatu, mmoja wao aliwahi kuwa mwanafunzi wake, na hawakumtesa. Walimuuliza kama aliwaahidi wale watu siri. Akasema aliwaahidi. Wakamuuliza kama alihitaji kuwaita, na bahasha alikuwa ameshaitoa.

"Hapana," akasema. "Sikuhitaji."

Wakamzuia asimkaribie tena mtu aliyeumia kwa jina la utafiti. Kabati zake za fomu zikatiwa kufuli. Hilo angelivumilia. Lililomvunja lilikuwa zahanati. Wanafunzi wake walirudi na fomu zake fupi, zile alizozibuni, na kila moja ilisema vilevile: ameanguka nyumbani. Mtu ana jeraha limenyooka kama rula, meno ya msumeno yanahesabika, anasema ni mlango uliombana. Hakuna aliyemwambia mtafiti ukweli tena, na mashine iliyokata jana ikaendelea kukata leo, kinga yake ikiwa juu ya rafu.

Siku moja wakiwa wanakunja nguo, binti alimuuliza mama kwa upole, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: pale ukumbini, alipotikisa kichwa, alikuwa anamjibu nini? Mama akasema alikuwa anatikisa tu, uzee, shingo haikai. Binti akaendelea kukunja. Hakuuliza mara ya pili, yeye aliyeitwa Maswali, na mama aliona kwamba adhabu yake imeanzia hapo.

Jumamosi iliyofuata mama alikuwa mbele ya nyumba anaanika mashuka. Ng'ambo ya barabara mwanamke alitua kapu lake chini. Pembeni yake palikuwa na mtoto wa kike, miaka saba, au minane. Walisimama kama watu wanaopumzika. Mama alimtambua mwanamke: aliwahi kuja kumfuata mumewe kwa mlango wa uani, siku ile fundi randa alipokunywa chai. Mkononi mwa mtoto kulikuwa na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki ili isichakae, naye anaifuata kwa kidole.

Mama aliliacha shuka nusu kambani, akavuka. Alisema, "Mwanangu, nakusihi. Mimi nimepita njia hii. Nichukie mimi, lakini mtoto usimfundishe."

Mwanamke alimtazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomtisha. "Hatujaja kugombana, mama," akasema. "Tunapita tu, tunakwenda sokoni."

Mtoto aliinua uso kwenye karatasi, kidole kikiwa bado kwenye mstari wa chini, Si mwaminifu.

"Mama, ndiye huyu?"

"Siye. Huyu ni mama yake."

Mtoto alimwangalia yule mzee kuanzia miguuni, polepole, bila kuruka mahali, mpaka akafika usoni. "Na huyu nimkariri?"

Mwanamke aliinama akaokota kapu lake, akamshika mtoto mkono.

"Na huyo," akasema.